Waasi wa Devon na Maman wa Anderlecht

Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi wa historia hapa Brussels, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilikuwa pia katibu wa kamati ya misa yetu ya Kiswahili kule Anderlecht, misa ya Wakongo wa Katanga na wa Kivu, mara moja kwa mwezi. Mambo hayo mawili yaligongana ndani ya wiki moja, na mimi msomi sikusikia hata kishindo.

Chuoni nilikuwa nikiandika juu ya uasi wa mwaka 1549 huko Uingereza. Serikali ya mfalme mtoto ilikuwa imeamuru Kilatini kitoke kanisani, na kitabu kipya cha sala, cha Kiingereza, kianze kusomwa siku ya Pentekoste. Katika kijiji kimoja cha Devon padri alitii Jumapili. Jumatatu waumini wakamjia juu: vaa mavazi yako ya zamani, tusomee misa yetu. Akavaa. Habari zikaenea, watu wa Cornwall nao wakaja, wakauzingira mji wa Exeter zaidi ya mwezi mzima. Ugumu wa maisha na kodi mpya vilichochea pia, lakini madai waliyoandika yalihusu sala hasa. Wale wa Cornwall, wenye lugha yao, walisema wengine kwao hawakijui hata hicho Kiingereza. Askofu mkuu akawajibu kwa kejeli: kwani Kilatini ndicho mnachokielewa? Jeshi la mfalme, pamoja na askari wa kukodiwa kutoka ng'ambo, likawaua kwa maelfu. Padri mmoja alitundikwa kwenye mnara wa kanisa lake mwenyewe akiwa na mavazi ya misa.

Lile jibu la askofu lilinichoma. Niliandika ukurasa mzima kwamba aliwauliza swali la mtu asiyejua watu. Profesa aliusifu.

Wiki hiyohiyo kamati yetu ilikaa. Vijana wenye watoto walilalamika kwamba watoto wanapiga miayo, afadhali misa iwe ya Kifaransa. Niliwaunga mkono. Alipinga mtu mmoja tu, maman mmoja wa Bukavu aliyefika Ubelgiji kama mkimbizi na kufanya usafi kwenye ofisi za Quartier européen, mtaa wa Umoja wa Ulaya. Huko watu wenye tai walimpita kila siku bila kumwona. Kwetu ndiye aliyeongoza rozari kabla ya misa. Yeye akianzisha, sisi sote, hata madaktari na wanasheria, tunamfuata.

"Bon, watoto wajifunze," alisema. "Miye naombaka Mungu na hiyi Kiswahili tangu niko mutoto. Mukiiondosha, nitamuomba na nini?"

Kitabu chetu cha sala kilikuwa cha Kiswahili sanifu, na hakuna Mkongo anayezungumza hivyo sebuleni kwake. Nikamrukia, nikamuuliza kama anakielewa.

"Donc, maman, hiyi Kiswahili ya mu kitabu, wewe unaisikiaka yote? Ku nyumba hatusemake ivi!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Maman akafunga kitabu chake, akakitia mkobani, akaondoka. Hakurudi tena. Na wale watoto tuliowabadilishia misa nao hawakudumu kanisani.

Nyani haoni kundule. Niliposhtuka nilikuwa kwenye metro, nasoma kazi yangu iliyorudishwa, ukurasa ule wa askofu. Niliona aibu. Nikasema Jumapili nitaenda kumwomba msamaha. Jumapili ikapita, na nyingine, mpaka miaka saba. Sikukosa nafasi. Nilikuwa mwoga, basi.

Mwaka 2016 binti yake alinipigia simu. Mama yake alikuwa katika nyumba ya wazee, Etterbeek. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Kifaransa chote, wauguzi hawamwelewi, naye anataka mtu wa kusali naye rozari kwa Kiswahili, sala ambazo binti hakujifunza. "Amekutaja wewe," akasema, "juu ulikuwaka katibu."

Nilikwenda mchana uleule. Nilianza kuomba msamaha, akaniwekea mkono mdomoni. "Tuombe," akasema. Alianzisha, nikaitikia, na kwa muda nilidhani nimesamehewa kirahisi. Tulipofika sala ya mwisho pumzi zikamwishia. Akanionyesha kwa kidole: endelea wewe.

Nilisema mstari wa kwanza, na wa pili. Wa tatu haukuja. Miaka saba sikuwa nimeisali kwa Kiswahili hata mara moja. Nilitafuta, nikatafuta, kilichokuja ni Kifaransa, nikaimaliza hivyohivyo, harakaharaka, macho chini.

Nilipoinua macho, maman alikuwa akinitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni. Kisha akamgeukia binti yake.

"Anasema nini?"