Pampu Iliyopelekwa Nyambureti

Miaka ile ya dhahabu, mume wangu aliacha shamba letu la mahindi pale Nyarero akaungana na kaka zake wawili kuchimba duara, shimo ambalo waliamini lina mawe mazuri. Kazi yangu ilikuwa kuwatafutia mahitaji: chakula, kamba, magogo ya kuzuia kuta. Masika yalipoanza duara likajaa maji, wakaniambia nitafute pampu haraka kabla kuta hazijalegea.

Niliiagiza Mwanza, kwa kampuni ya usafirishaji iliyokuwa imetoka kutangaza kwamba imeachana na makaratasi. Zamani ulimkabidhi kondakta wa basi mzigo, ukamtajia mtu na kituo, yakaisha. Sasa unapakua programu kwenye simu na kuona mzigo wako ukitembea. Nilifurahi, sikatai. Nilimwonyesha mume wangu kidoti chekundu kikipita Bunda, naye akaenda kuwaambia kaka zake waandae mipira ya maji.

Kesho yake simu ikasema mzigo umefika. Nikaenda ofisini kwao Tarime mjini. Haukuwepo.

Karani, mwanamke wa rika langu, alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionichosha. Alinigeuzia kompyuta nijionee: umefika. Nikamwomba tuangalie stoo. Akasema hawezi kutafuta stoo kitu ambacho mfumo hauonyeshi kuwa kipo stoo. Akabofya, akasubiri mtandao, akabofya tena. Hatimaye tukaelewa. Nyarero haikuwamo katika vituo vya mfumo wao, kwa hiyo aliyepokea mzigo Mwanza alichagua jina lililoanza kwa herufi zilezile. Pampu yangu ilikuwa Nyambureti, wilaya nyingine kabisa, Serengeti.

Nikasema basi irudishwe. Akanieleza kwamba mfumo haurudishi mzigo mpaka mwenyewe aupokee kwanza.

"Mwenyewe ni mimi, na nimesimama mbele yako."

"Najua, dada. Lakini inabidi ukapokelee kule."

Nilipanda gari hadi Mugumu, kisha pikipiki iliyotuangusha kwenye tope. Wakala wao Nyambureti alikuwa mama mtu mzima mwenye duka la chumvi na sabuni. Nilimwamkia shikamoo, na kabla sijakaa akanionyesha pampu nyuma ya magunia. Alisema amepiga simu ofisini mpaka amechoka, kila mara anaambiwa amsubiri mwenye mzigo.

Ila asingeweza kunipa hivihivi. Ilitakiwa namba ya siri iingie kwenye simu yangu, yeye aiandike kwenye simu ya kampuni. Dukani mtandao haukushika. Nikapanda hadi kanisani, juu kilimani, namba ikaingia, nikateremka mbio, ikawa imeshakwisha muda. Mara ya pili alifunga duka tukapanda wote, akishika magoti yake njia nzima. Kule juu simu ya kampuni ikagoma. Ilitaka programu ipakuliwe upya kwanza, na mtandao uliotosha ujumbe haukutosha hiyo kazi.

Mama yule alikaa kwenye ngazi ya kanisa akahema. Alijua wanaweza kumnyang'anya uwakala.

"Mwanangu, chukua pampu yako uende," akasema. "Wakiniuliza nitawaambia nimekupa."

Nilifika machimboni nimefungwa na pampu nyuma ya pikipiki kama gunia. Ukuta mmoja wa duara ulikuwa umeporomoka asubuhi ile. Mungu alisaidia, hakuna aliyekuwa ndani. Mume wangu aliishika mashine, akauliza kama ina mafuta. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira.

Walichimba duara jingine pembeni, na wiki hiyo pampu ikawa inanguruma kutwa. Nilikuwa nimewapelekea ugali simu ilipoita. Alikuwa yule karani, akinikumbusha kwa upole kwamba mzigo wangu bado uko Nyambureti. Nikamwambia ninao hapa. Akasema kwenye mfumo haujapokelewa. Nikaisogeza simu karibu na injini asikie mwenyewe.

Aliisikiliza, kisha akaniuliza ni lini nitaweza kurudi Nyambureti kuupokea rasmi. Nikakata simu, nikaendelea kupakua ugali.