Kujifunza Kutembea Tambarare

Siku yangu ya kwanza jimu niliinama nikijifanya nafunga kamba za raba, kumbe natafuta kibandiko. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba kila mashine ya kukimbilia huandikwa uzito wa mwisho inaoweza kubeba. Nilikikuta nyuma, karibu na mkanda, kimefutika nusu, lakini namba ilisomeka. Uzito wangu ulikuwa chini yake kwa tofauti ndogo mno, na huo ni ule niliojipima asubuhi kabla ya kunywa chai. Nikasimama pale nikiwaza kwamba chai niliyokunywa baadaye ilikuwa vikombe viwili.

Ndivyo nilivyo. Ninafanya kazi kwenye steshenari hapa Same mjini, natengeneza kadi za harusi na vipeperushi vya misiba. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, hakuna aliyenikalisha darasani, na labda ndiyo maana siamini kitu mpaka nikikague mara nyingi. Kadi ikiwa na mstari uliosogea unywele mmoja naichana na kuanza upya, hata kama mteja amekwisha kuridhika. Mwili wangu ndio kazi pekee ambayo sikuweza kuichana nikaanza upya, na nilikuwa nimeukasirikia kwa miaka.

Lakini hasira peke yake isingenifikisha jimu. Aliyenifikisha ni bibi.

Bibi anaishi Vudee, juu, peke yake. Kule kila mwaka kabla ya mvua za vuli hutangazwa msaragambo wa mfereji. Kila nyumba hutoa mtu, na kila mtu hupimiwa kipande chake cha mfereji unaotoka kwenye ndiva, lile bwawa linalokusanya maji ya usiku, akizibue kwa kutoa matope na majani. Hakuna anayefuatwa kwa fimbo. Ila nyumba isiyotoa mtu inajulikana, na inaendelea kujulikana. Wa nyumba yetu alikuwa baba. Baba alipofariki nikabaki mimi, kwa sababu kaka zangu wako mbali na mimi ndiye ninayeweza kuiona milima kutoka dirishani kwangu.

Mwaka ule wa kwanza sikufika. Gari linaishia sokoni, na kutoka pale ni kupanda tu. Nilichukua bodaboda, pikipiki ikanguruma kwenye kona ya kwanza kali, ikazima, na kijana akaniomba nishuke. Aliomba kwa adabu sana, na ile adabu ndiyo iliyoniumiza. Nikaanza kupanda kwa miguu. Sikwenda mbali. Nilikaa kwenye jiwe huku moyo ukinipiga mpaka masikioni, nikaogopa kwamba nitafia pale na watu watahangaika kunibeba. Nikashuka. Jioni shangazi akanipigia simu.

"Leo bibi yako amechimba," akasema. "Amekuja na jembe lake, mgongo umepinda vile vile. Watu walikuwa wanaangalia pembeni."

Hakunilaumu. Alisema hivyo tu, akauliza kama Same kuna joto.

Kwa hiyo nilipopanda kwenye ile mashine nilikuwa nafanya mazoezi kwa ajili ya msaragambo mwingine. Nilitaka kipande chetu kichimbwe na mtu ambaye si bibi.

Sasa niseme kosa langu, maana ni kosa la mtu wa milimani. Sisi tunaotoka juu tunaidharau tambarare. Tangu utotoni tulikuwa tukiwacheka wageni waliokuja kutoka chini wakisimama kila hatua kushika viuno. Nilinenepa, nikahamia mjini, nikashindwa kupanda njia ya kwetu, lakini dharau ile haikunitoka. Nilipoona mashine ina kitufe cha kuinua mkanda uwe kama mlima, sikufikiri mara mbili. Nilikibonyeza mpaka mwisho. Video nilizotazama zilisema mtu mzito aanze na mkanda ulio sawa, taratibu, dakika chache. Nikajiambia hayo ni ya watu wa bondeni.

Kulikuwa na kamba nyekundu ya kubana kwenye nguo, ili mtu akiteleza mashine ijizime. Niliiacha ikining'inia, kwa kuwa niliona ni ya wazee. Kisha nikashika vyuma vya mbele kwa mikono yote miwili, nikajiegemeza nyuma, nikatembea kama mtu anayevuta mbuzi aliyegoma. Vijana waliokuwa wakinyanyua vyuma upande wa pili walitazama mara moja wakaendelea na yao. Jasho lilinitiririka. Nikajiona shujaa.

Umeme ukakatika.

Mkanda ulisimama ghafla, mimi sikusimama. Goti likagonga chuma cha mbele, na nyuma ya mguu nikahisi kitu kimevutika kama uzi wa nguo. Vijana watatu walikuja kuninyanyua. Feni zilikuwa zimezima, muziki umezima, ukumbi mzima kimya, na kila mtu, mimi nikiwemo, alikuwa anaitazama mashine.

"Pole, sista," mmoja akasema baada ya kuangalia taa za juu. "Haijafa. Ni umeme tu."

Alikuwa ananifariji. Nililia kwenye choo cha jimu mpaka umeme uliporudi.

Hospitalini muuguzi alijaribu kunipima presha, kile kitambaa hakikuzunguka mkono wangu, akaenda kutafuta kikubwa. Alikaa sana huko. Daktari, ambaye nadhani tulilingana umri, alisema presha imepanda kidogo na nilipaswa kuja kabla ya kupanda mashine, si baada ya kuanguka. Msuli upumzike kwanza. Halafu nianze na mkanda ulio sawa kabisa, mwendo wa kuniwezesha kuongea, na nikisikia kifua kinabana au kizunguzungu niache siku hiyohiyo na kurudi kwake. Nikamwambia mimi natakiwa kupanda mlima. Akasema mlima nitaukuta palepale. Nilitaka anipe ratiba iliyokamilika, yenye kila siku na kila wiki, nami niifuate bila kukosea. Alinipa maneno hayo tu, akaita mgonjwa mwingine.

Wiki nzima na zaidi nilikaa nikichechemea, nikihesabu muda ninaoupoteza. Niliporudi jimu nikabana ile kamba nyekundu kifuani. Nikasimama na miguu kwenye kingo za pembeni, mkanda ukaanza kuzunguka kwa mwendo wa chini kabisa, ndipo nikaukanyaga. Tambarare. Mwendo wa mtu anayetafuta funguo zilizoanguka. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba nilitamani mtu anicheke ili nipate sababu ya kuondoka. Hakuna aliyecheka.

Mashine ya pili ilikuwa ya mama mmoja anayeuza vitenge karibu na barabara kuu. Alikuja kwa sababu ya kisukari, anatembea na baibui lake na raba nyeupe, na haachi kuongea. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kutoka hapo hakunyamaza tena. Aliniambia habari za mkwewe, bei ya mizigo, jirani anayemwagia maji machafu mlangoni kwake. Kila baada ya muda alikuwa ananiuliza kitu, tena kitu kinachohitaji jibu refu. Nilimchukia. Nilikuwa nimejipangia mwendo, na kila nikiujibu mdomo wake pumzi ilikwisha.

"Hunijibu," akasema siku moja. "Ama una kiburi ama umezidisha."

Nikapunguza mwendo ili nimwambie sina kiburi. Nilipopunguza, sentensi ikatoka nzima. Nikakumbuka alichosema daktari, nikaudhika zaidi, kwa sababu sikupenda kipimo changu kiwe umbea wa mtu. Lakini ndicho kilichobaki. Mkwe wake akisimuliwa nami nikaweza kuuliza maswali, mwendo ulikuwa sawa. Nikibaki kuitikia "mhh", nilikuwa nimezidisha.

"Nyie Wapare mna haraka ya wapi?" alikuwa akinitania. "Milima yenu imepanga kuhama?"

Nikamwambia watu wa barabarani hawawezi kuelewa, wao hata ngazi ya duka wanaiita mlima. Alicheka hadi akashika vyuma.

Sitaki ionekane kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Mimi nikipanga kutembea muda fulani, nikapungukiwa kidogo, siku nzima naiona imeharibika kama kadi yenye kosa la herufi. Naondoka na hasira, nakula chapati tatu kwa sababu siku imekwisha kuharibika, kesho yake siendi kwa aibu, na keshokutwa siendi kwa sababu jana sikwenda. Nilipoteza siku nyingi kwa namna hiyo kuliko nilizopoteza kwa ule mguu. Mama wa vitenge alikuwa akinikuta njiani na kuniuliza nilisafiri kwenda wapi. Nilikuwa namdanganya. Nilimtaja hata shangazi mgonjwa ambaye hakuwa mgonjwa.

Na mizani haikusogea. Ilishuka kidogo, ikapanda, ikakaa. Nilianza kuiinua mashine kidogo kidogo, mikono ikiwa huru, na mifupa ya mbele ya miguu ikawaka moto, nikairudisha chini. Siku moja niligundua nimepanda ngazi za steshenari mpaka juu bila kusimama katikati. Badala ya kufurahi nilikasirika kwamba ni ghorofa moja tu.

Nikiwa katika hali hiyo bibi akapiga simu. Msaragambo umetangazwa, ni wiki ijayo. Hakuniomba chochote. Aliniambia tu kwamba jembe lina mpini mpya.

Sikuwa tayari. Nilikuwa na picha kichwani ya siku nitakayokuwa tayari, na siku hiyo haikuwa karibu. Nilikaribia kumtumia shangazi ujumbe kwamba nina homa. Nikauandika, nikasahihisha alama za uandishi, nikaufuta.

Nikaenda siku moja kabla. Sokoni bodaboda waliniita na sikuwatazama. Nikapanda kwa mwendo wa jimu, ule wa aibu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisimulia habari za mkwe wake, nilizisimulia mwenyewe kwa sauti. Nikishindwa kumaliza sentensi, nakaa. Nilikaa mara nyingi. Mama mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe alinipita, akasimama, akaniuliza kama ninamwambia yeye.

Bibi alikuwa mlangoni nilipofika. Jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa mlima. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Umepungua?"

"Hapana, bibi."

"Na mimi naona hapana," akasema, akaenda kupasha makande.

Asubuhi tulikusanyika kwenye mfereji. Mzee anayesimamia alianza kugawa vipande kuanzia juu, kwenye ndiva, ambako matope huwa mengi. Aliponifikia akasita. Akasema kwa upole nikakae na kina mama jikoni, kupika nako ni kazi na nyumba yetu itahesabiwa imekuja. Kilikuwa kitu cha kweli na cha ukarimu. Watu walikuwa wakitazama majembe yao. Lakini nilijua nikienda jikoni, kipande chetu kitabaki, na bibi asingevumilia kukiona kimebaki. Nilimwambia mzee nataka kipande.

Akanipa cha chini kabisa, chini ya migomba ya bibi, kifupi, kwenye kivuli. Wengine wote walipanda. Nilijua ananihurumia na kila mtu alijua, nikakasirika. Nilitaka cha juu. Nilitaka kupanda mbele yao wote na kushuka wa mwisho. Nikaangalia mlima ule uliobaki, nikajua nikifika kule nitakuwa nimemaliza nguvu kabla ya kuinua jembe. Nikashika lile jembe la mpini mpya palepale.

Nilichimba kidogo nikapumzika, nikachimba kidogo nikapumzika. Watu wa juu walimaliza, wakaanza kushuka kwenda kula, wakinipa pole ya kazi mmoja mmoja, nami nikijibu bila kuinua uso. Bado nilikuwa katikati. Ndipo nikasikia majani ya migomba yakikanyagwa. Bibi alikuwa anashuka akijishikilia kwenye mashina, na begani alikuwa na jembe lake la zamani.

"Sogea," akasema.

"Rudi nyumbani, bibi."

"Wenzako wanakula."

"Wacha wale. Hiki ni changu."

Alipima kilichobaki kwa macho. Kisha akaliweka jembe chini, akakaa ukingoni na miguu yake ndani ya mfereji, mahali nilipokwisha kuzibua.

"Unakwangua kama unaosha sufuria," akasema. "Piga."

Nikapiga. Alinikosoa mpaka mwisho: pumzi, mikono, namna ninavyotupa tope. Nilipomaliza niliona ukingo umepinda vibaya kwenye kona moja, na nilitaka kuurudia wote. Nilijaribu kuinua jembe na mikono ikakataa. Uliniudhi, na unaniudhi hata sasa ninapouandika. Bibi aliegemeza mgongo wake kwenye mgomba, jembe lake likiwa limelala kwenye majani, safi, na akaniuliza kama sasa naweza kumsaidia kusimama au na mimi anisubiri nipumzike.

Nikamwomba anisubiri.