Aliyekuwa Akimshusha Baba

Mwanangu, kuna Ijumaa moja inayonijia kila nikimwona kijana kama wewe na begi la mazoezi begani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kifua kimejaa, shingo imezama kwenye mabega, na mtaani kwetu Kariakoo watu wananiita Baunsa. Nilikuwa mjinga kiasi cha kuitika jina hilo haraka kuliko Nassoro, jina alilonipa baba yangu.

Baba alikuwa muuza kufuli, bawaba na misumari. Duka lilikuwa chini, sisi tukikaa ghorofa ya tatu, na majengo yale ya zamani hayana lifti. Miaka ile sukari ilikuwa imemmaliza miguu. Duka alimwachia ami yangu, naye siku sita za wiki akawa mtu wa kukaa roshani akisikiliza kelele za mikokoteni huko chini. Siku ya Ijumaa alikuwa na haja moja tu, ashuke akaswali na wenzake. Kumshusha ilikuwa kazi yangu. Nampa mgongo, ananishika mabegani, tunateremka taratibu, na kwenye kila mlango ananusa harufu ya mapishi na kubashiri kilichomo chunguni. Nakiri nilikuwa naona haya kidogo, Baunsa mzima kumbeba mzee mgongoni mchana kweupe. Haya ya kijinga ile.

Jioni zangu zote zilikuwa za mtaa wa jirani, Gerezani. Nyuma ya karakana moja tulikuwa na vyuma tulivyojitengenezea kwa gia na ekseli za malori. Tukishamaliza kunyanyua, tunavaa nguo nyeupe, tunaingia kwenye karate mpaka sakafu inalowa jasho. Sikudanganyi, kulikuwa kutamu. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa nidhamu, nami nilimsikiliza kuliko mtu yeyote nyumbani. Akisema tule mayai, nilikula mayai hata mama akikosa ya kuwakaangia wengine. Dukani nilikataa kunyanyua hata katoni ya kufuli, ati mgongo usije ukakaza. Hebu niambie, mtu ananyanyua ekseli ya lori halafu anaogopa katoni ya kufuli!

Basi Ijumaa hiyo, kesho yake nilikuwa na mtihani wa mkanda mweusi. Mwalimu alikuwa ametuagiza tupumzishe miguu, tusipande wala kushuka ngazi bila sababu. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, miguu juu ya mto, baba aliponiita. Alikuwa ameshavaa kanzu na kofia, ameshajifukiza udi.

"Nassoro baba, adhana hiyo. Tushuke."

"Leo siwezi, baba. Napumzisha miguu. Kesho nina mtihani."

Aliitazama miguu yangu pale juu ya mto. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angenifokea, ningeinuka.

"Haya," akasema. "Ipumzishe."

Akajikongoja hadi roshani, akamwita Chande. Chande alikuwa kuli wetu pale dukani, mtu wa Lindi, wa makamo, mwembamba, anayebeba mizigo tangu alfajiri. Alipanda ghorofa zote tatu na jasho lake, akanikuta nimelala.

"Mambo, Baunsa?"

"Poa," nikamjibu, na miguu sikuiteremsha.

Akachutama mbele ya baba. "Panda, mzee wangu. Nishike vizuri." Nikawasikia wakiteremka, baba akimuuliza kwenye ghorofa ya pili kama ule ni mchuzi wa papa, na Chande akicheka.

Jumamosi nikaupata mkanda. Baba aliushika, akausugua kwa vidole jinsi alivyokuwa akikagua bidhaa, akasema, "Hongera, mwanangu." Ijumaa iliyofuata nikainama mbele yake nimbebe.

"Usijisumbue," akasema. "Chande yuko njiani."

Natamani nikwambie kwamba nilimbembeleza. Sikumbembeleza. Moyoni nilishukuru nimepata nafasi ya kulala kidogo kabla ya mazoezi. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, mpaka mvua za masika zikaja na kwisha. Baba hakuniomba tena, nami sikuona kwamba kuna kitu kimepotea humo ndani.

Alifariki Jumatano asubuhi. Alasiri tukawa makaburini. Unajua desturi yetu, mzazi akifa, mtoto wake wa kiume huingia kaburini kumpokea. Nilikuwa nimeshavua viatu na kukunja kanzu, ami akanishika mkono.

"Ngoja, Nassoro. Mzee ameacha wasia."

"Wasia gani?"

Ami alishindwa kunitazama. "Amesema, aliyekuwa akimshusha ngazi ndiye amshushe na humu."

Chande alikuwa nyuma kabisa ya watu, analia. Wakampisha. Alipofika alinitazama kana kwamba anaomba ruhusa, nami nikasogea kando. Wakaingia yeye, ami na binamu yangu. Mimi nikapewa pembe moja ya shuka lile linalotandwa juu ya kaburi. Nikaishika. Mwili wote ule nilioujenga kwa miaka, kazi yake siku ile ikawa kushika shuka.

Watu walinifariji, wakaniambia mzee hakuwa na kinyongo. Pengine. Lakini baba yangu hakuwa mtu wa kusema neno asilolikusudia. Mkanda niliurudisha kwa mwalimu na sikukanyaga tena Gerezani, na hilo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu kosa halikuwa la mkanda. Nina uchungu na yule kijana wa kwenye kochi, na uzee haujanipunguzia.

Kwa hiyo sikwambii uache mazoezi. Nyanyua vyuma, jifunze kupigana, mwili wako ni amana na kuutunza ni vizuri. Ila kabla hujatoka na begi lako, pita uliza nyumbani nani anahitaji mkono. Mwalimu akikwambia pumzika, mwambie una mzazi, una mke, una watu. Kama ni mwalimu kweli atakuelewa. Panga ratiba yako, lakini watu wa nyumbani uwapange kwanza, wakati nguvu bado zipo, usiwaletee uchovu uliobaki. Na mzee wako akikuomba kitu kidogo, inuka hapo hapo. Wazee hawaombi mara nyingi, wakishakataliwa huacha kuomba, nawe utadhani hawana shida.

Mungu akupe afya na mwili wenye nguvu, mwanangu. Akupe wazazi wasioona tabu kukuita. Na siku yao itakapofika, akujaalie uwe ndani ya kaburi, umenyoosha mikono, unampokea wa kwako.