Wagonjwa wa Kwaresima

Siku ya kwanza kuripoti kama nesi wodi ya wagonjwa wa akili hapa Sumbawanga, Matroni alinikabidhi funguo na kopo la fenobabitoni. Hii ni dawa ya kifafa, akasema, lakini humu inatuliza mengi, na ikizidi mtu haamki. Niliitikia harakaharaka, ndiyo Matroni, ndiyo Matroni. Ujana bwana!

Mwaka wangu wa pili, wiki ya kwanza ya Kwaresima, mama mmoja wa Chala alimleta mumewe Deogratias, mkulima wa ulezi. Anatetemeka, ameanguka mara mbili, anafukuza siafu ukutani ambao sisi hatuwaoni. Nikaandika kifafa. Vidonge vikamtuliza vizuri, nikajiona bingwa. Nikamwambia mama aendelee kumnunulia, maana miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, hata kijijini Chala maduka ya dawa yalishafunguliwa, wala hakuna aliyekudai cheti.

Kumbe yule bwana alikunywa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kila siku ya Mungu, akaiacha ghafla Jumatano ya Majivu kama wanaume wengi wa Ufipa. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa hivyo unaweza kuanguka kama wenye kifafa. Dawa ilimfaa kwa siku chache, tena ikipunguzwa taratibu. Mimi nikamwachia aimeze tu.

Pasaka akarudi kwenye kimpumu, na vidonge anameza. Pombe na fenobabitoni vikikutana hupunguza pumzi. Jumatatu asubuhi aliletwa midomo imekuwa ya bluu. Tulimpulizia hewa kwa mfuko wa mkono, tukipokezana, hadi jioni.

"Ulimuuliza mara ya mwisho alikunywa lini?" Mganga Mkuu aliniuliza.

"Sikumuuliza, daktari."

"Basi andika hivyo kwenye faili."

Deogratias alipozinduka na kuomba uji, nililia mbele ya wodi nzima, wala sikuona haya. Siku ya kuondoka mkewe alinishika mkono kunishukuru. Nilitamani sana kunyamaza. Nikamwambia kosa lilikuwa langu.

"Najua, nesi. Daktari alishaniambia," akasema. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Ungenyamaza, nisingemleta kwako tena."

Sasa nimestaafu, nanyi vijana mna dawa mpya ambazo hata kuzitamka siwezi. Nawaonea wivu kidogo. Lakini kazi ile naikumbuka kwa mwaka uliofuata, wiki moja kabla ya Majivu, yule mama aliposhuka kwenye gari na mumewe, akaupita mlango wa daktari bila kuingia, akaniulizia mimi kwa jina.