Fundi Lifti Alipostaafu

Majirani wachache waliomjua walimwita Fundi Lifti, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za maghorofa ya katikati ya jiji. Alijenga nyumba huku pembezoni mwa jiji watoto wakiwa wadogo. Kwa miaka ishirini na sita alitoka saa kumi na moja alfajiri, akarudi giza limeshaingia, hoi. Jumapili alilala. Mkewe akilalamika, alimtania, "Vumilia, mama watoto. Nikistaafu utanichoka."

Akastaafu, magoti yamekwisha. Asubuhi ya kwanza alifungua makabati yote ya jikoni.

"Vikombe viko wapi?"

"Hapo hapo vilipo siku zote," mkewe alijibu bila kugeuka.

Mkewe alikuwa na mambo yake: kumwagilia mchicha, redio, usingizi kidogo mchana. Popote alipopita alimkuta mumewe amesimama njiani. Fundi akaona asaidie, akarekebisha mlango wa stoo ambao haukuwa na shida. Tangu siku hiyo ukagoma kufunga. Mezani, wakishamaliza habari za watoto, walibaki wanatazama sahani.

Binti yao wa mwisho alipojifungua, huko mji wa mbali, mkewe alikwenda kumsaidia. Alisema miezi miwili. Ilipofika mitano, Fundi akapiga simu.

"Unarudi lini, mama watoto?"

"Baba watoto, usinielewe vibaya. Mimi nilishazoea kukaa bila wewe. Nikirudi, nirudi kwa nani?"

"Kwangu."

"Nilikungoja mpaka nikasahau nangoja nini."

Fundi akauliza mjukuu anaendeleaje, akaambiwa ameota jino.

Alitoka kunyoosha miguu. Mtaa mzima mageti yalikuwa na kufuli, watu wote wako jijini kazini. Mwanamke mmoja tu alikuwa kwenye genge la nyanya.

"Shikamoo, mzee. Umehamia lini mtaani kwetu?"

"Marahaba. Zamani kidogo," alijibu, akageuza njia.

Mwaka umepita. Chumba cha kulala amekifunga, analala kwenye kochi sebuleni. Mchicha ulikauka, hakujua unamwagiliwa mara ngapi. Binti hupiga simu kila Jumamosi. Fundi akiomba kuongea na mkewe, huambiwa yuko bafuni, au ametoka mara moja.

"Basi msalimie," husema.