Mama na Baba Ndani ya Bahari

Baba alipofariki, mama aliacha kuzungumza. Hakuwa amemkasirikia mtu. Ukimwamkia ataitikia, ukimuuliza atasema ndiyo au hapana, basi. Nilikuwa nimehamishiwa kufundisha shule ya msingi huku Kenyamonta, nikamchukua kutoka Kemambo aje akae na mimi.

Dada yangu, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Kenya, alikuja kututazama akaniletea chupa sita za wino wa akriliki. Anajua napenda kuchora tangu utoto. Wino ule ni mwepesi kama chai ya rangi. Karatasi ikiwa imelowa, unatambaa wenyewe unakotaka. Ukishakauka, hata umwagie maji hautoki. Nikawa najifunza Jumamosi barazani, mama yuko pembeni anapeta ulezi.

Siku moja nililowesha karatasi, nikadondosha buluu na kijani, nikaiinamisha rangi zikutane. Mama akaacha kupeta.

"Hiyo ni nini?"

Tangu mazishi alikuwa hajauliza swali lolote.

"Bahari, mama."

"Ile ya baba yako?"

Kabla ya kuoa, baba alifanya kazi Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Kila walipogombana alikuwa akimwahidi mama kwamba atampeleka akaone maji yasiyo na ng'ambo. Hawakwenda. Mara ng'ombe anakaribia kuzaa, mara mtoto anaumwa, mara mvua imewahi.

"Ndiyo hiyo," nikasema. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe niliiona siku mbili tu, nilipokuwa chuo.

"Basi tuweke humo, mimi na baba yako."

Nikawa na haraka, nikawachora kabla karatasi haijakauka. Wino ukasambaa, na watu wawili wakawa madoa mawili ya moshi.

Mama akainama kuangalia. "Umetuzamisha."

Nilichukua karatasi nyingine, nikaanza bahari upya. Safari hii nilisubiri maji yakauke kabisa, tukanywa uji kwanza, halafu nikashika brashi nyembamba. Nikamchora baba na koti lake refu, mama na kitenge, maji yakiwafika magotini, mkono wa huyu ndani ya mkono wa yule.

"Mbona amenishika mkono?"

"Si ni mume wako?"

"Baba yako hajawahi kunishika mkono mbele za watu. Futa."

"Umeshakauka, mama. Wino huu haufutiki."

"Hata kwa sabuni?"

"Hata kwa sabuni."

Mama akaivuta ile karatasi karibu. "Basi leo amepatikana," akasema, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, na mimi nikacheka naye, halafu nikaona si kicheko tena. Msibani hakutoa chozi, na wapo waliomsema kwa hilo. Niliweka brashi chini nikamkumbatia. Kuku walikuwa wamefika kwenye ungo wa ulezi, hakuna aliyewafukuza.

Alipotulia alijifuta kwa ncha ya kitenge, akaanza kusimulia, Kikurya na Kiswahili vikipishana. Baba alimwambia kwamba kule kaa wanatembea kiubavu. Kwamba ukitoka majini ukilamba mdomo, unakuta chumvi. Kwamba siku ya kwanza alipoiona bahari alirudi nyuma kwa woga, lakini mama asije akawaambia wanawe.

"Na kofia yake iko wapi?" akaniuliza. "Hakuwa anakwenda popote bila kofia."

Nikampa brashi. Akachora, na kofia ikatoka kubwa kuliko kichwa, imemfunika baba mpaka machoni. Mama akasema ndivyo alivyokuwa akiivaa.

Jioni ile dada alipiga simu kutusalimia. Nilipotaka kumweleza, mama alinyoosha mkono akaichukua simu, akaenda nayo uani. Nilimsikia akiongea huku anazunguka zizi la mbuzi, akaongea mpaka chaji ikaisha.