Utumbo wa Damu Sokoni Uthina

Birikti alikuwa mkamuaji wa zeituni pale Uthina, mji wa Kirumi kaskazini mwa Afrika, mjane mwenye binti mmoja mdogo, Namgide. Mikono yake ilinuka mafuta hata siku za sikukuu. Watu walimjua kwa kazi yake safi na kwa woga wake: mlango ukigongwa tu, anashtuka. Sababu ya woga huo waliijua wachache. Alikuwa amebatizwa, na liwali alikuwa ameanza kuwakamata Wakristo.

Asubuhi hiyo askari Vitali alisimama sokoni na sinia ya utumbo wa mbuzi uliojazwa damu, umechomwa, unanukia. Hakumuuliza mtu dini yake. Alijua Wakristo hawali damu, basi akawa anakaribisha watu tu.

"Mama Namgide, karibu. Cha bure hicho."

"Ahsante, bwana. Tumbo langu tangu jana haliko sawa."

Jirani yake Arisha, muuza vitunguu, aliyekuwa akimtolea mungu Saturni sadaka kila mwaka na hakuwa na habari na huyo Kristo, akadakia: "Mwache huyo. Jana kutwa hatukulala kwa safari zake za chooni. Lete kwangu, langu halichagui."

"Jana kutwa mlikuwa mnalala?" Vitali akauliza.

"Sisi wauza vitunguu tunalala hata tukisimama."

Watu wakacheka. Vitali naye akacheka, na Birikti akaanza kupumua. Hapo askari akachuchumaa mbele ya Namgide.

"Na wewe, mwanangu, tumbo linauma kama la mama?"

Mtoto akatikisa kichwa kukataa. Akapokea kipande alichopewa, kisha akamtazama mama yake usoni, kusubiri ruhusa.

Birikti angeitikia kwa kichwa tu, wangerudi nyumbani. Mtoto hajabatizwa, ana dhambi gani? Lakini Birikti aliona kwamba macho ya askari hayapo kwa mtoto, yapo kwake. Akiitikia, atakuwa amemkana Bwana wake kwa kinywa cha mwanawe.

"Mrudishie bwana, mwanangu."

"Kwa nini?" Vitali aliuliza taratibu.

"Kwetu hatuli damu. Mimi ni Mkristo. Mtoto bado hajabatizwa, waulize watu."

Kicheko kikakatika. Arisha akamvuta shuka. "Wewe mwanamke, umerukwa na akili? Mwambie unatania."

"Sitanii, shoga yangu. Mchukue mtoto. Yeye hulala na taa, ukiizima atalia."

Vitali alimfunga mikono. "Ungekubali tu, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Ningekuacha upite."

"Najua."

Walimuua kabla ya mavuno. Namgide alilelewa na Arisha, ambaye hakuwahi kuwa Mkristo, lakini damu haikupikwa tena jikoni kwake. Akiulizwa sababu, alijibu kwamba mtoto hapendi harufu yake, kisha akabadilisha mazungumzo.